Moshi Kwenye Nyumba Zilizofungwa

Watu wema wana sura yao. Huwa wapole, huongea kwa sauti ya chini, na wakikuona na shida huinamisha kichwa upande mmoja. Jirani hakuwa na hata kimoja cha hivyo. Alikuwa na sauti ya kuitia ng'ombe, alikuwa mbahili wa chumvi, aliogopa vyura kuliko askari, na ukianza kumweleza yaliyokusibu alikukatiza katikati akueleze ya kwake. Nimeishi karibu naye mara mbili, kwanza Bilele, mtaa wa Bukoba mjini, nikiwa msichana, kisha Nshamba nikiwa mke wa mtu, na mara zote mbili niliwahi kusema mbele za watu kwamba mwanamke yule atanitia wazimu.

Jina alikuwa nalo, la ubatizo na la ukoo, na mchungaji alilitaja kanisani inapobidi. Lakini kila mahali aliitwa Jirani, hata na watu wa upande wa pili wa kilima, ambao ukiwauliza ni jirani yao kivipi wangekutazama wewe kama ndiye mjinga. Na mimi nitamwita hivyo hivyo.

Kwetu salamu ni kazi. Unaulizwa umeamkaje, watoto wameamkaje, nyumbani kukoje, na hata kama paa limeezuliwa na upepo unajibu kwamba ni kuzuri tu. Jirani hakuwa na muda na hayo. Yeye hakumuuliza mtu habari, alimpa. Aliingia uani kwako bila hodi ya maana na kusema, "Kuku wa mzee wa pale juu ametaga kwenye kofia yake ya kanisani, na mzee ameivaa." Ulikuwa umeamka na mzigo kifuani, na sasa umebaki unamfikiria mzee na yai kichwani. Nilimuuliza siku moja mbona hana adabu. Akasema mtu mwenye huzuni ukimuuliza habari unampa kazi ya kudanganya, afadhali umpe habari wewe, yeye apumzike.

Alikuwa na vijitabia vingi vya namna hiyo na hakuvipa jina lolote. Nyasi mbichi za kutandika sakafuni, ambazo sisi wengine tulizitandika siku ya mgeni au sikukuu, yeye alizitandika siku mbaya. Ukiingia kwake ukakuta nyumba inanukia nyasi mpya, ulijua hakulala vizuri. Gauni lake la kanisani alilivaa Jumatatu kwenda kupalilia, kwa sababu, alisema, Jumapili kila mtu ana kwaya ya kumchangamsha, Jumatatu ana nani? Na kikapu kidogo cha kahawa za kutafuna hakikumtoka kwapani. Akikukuta njiani unalia hakuuliza kitu. Alikutia punje kinywani kama mtoto anayepewa dawa, na kwa kuwa kutafuna na kulia haviendi pamoja, ulijikuta unatafuna.

Hayo ndiyo mepesi. Mengine sikuyaelewa, na nilipoyaelewa nywele zilinisimama.

Vita vilipofika Kagera tulikuwa Bilele. Mizinga ilisikika kutoka upande wa mpaka, vikombe vikalia kabatini, na asubuhi moja mtaa mzima ukafunga virago. Sisi tulikimbilia kwa ndugu wa mama huko Muleba, magodoro kichwani. Jirani hakuondoka. Mama alimsihi, akamwambia adui akiingia mjini atamchinja kama kuku. Akajibu kwamba ameweka maharage jikoni na hayajaiva.

Tuliporudi, mtaa ulikuwa kimya. Hakuna mbwa, hakuna redio, nyumba zimefungwa kama tulivyoziacha, lakini moshi ulikuwa ukitoka kwenye kila jiko la uani. Mama alisimama mbele ya jiko letu, ambalo halikuwa na kufuli, na mkono wake ukakataa kusukuma mlango. Niliusukuma mimi. Majivu yalikuwa ya moto. Mtungi ulikuwa umejaa maji, na kigoda cha mama kilikuwa kimesogezwa karibu na mafiga kana kwamba mtu ameinuka sasa hivi. Mama akasema kwa sauti ndogo, "Mpola waitu," salamu tunayompa mtu aliyetoka mbali. Alikuwa anaisalimu nyumba yake mwenyewe.

Jirani akatokea nyuma ya ua, kigae cha makaa mkononi, amenuna.

"Mmechelewa," akasema. "Kuni zenu zimekwisha, nimechoma za kwangu."

Sababu aliyoitoa ilikuwa ya akili kabisa. Mwizi akiona moshi anajua kuna mtu ndani. Lakini baadaye nilimsikia akimwambia mama neno jingine, kwamba mji ulipokuwa mtupu alikuwa akiingia jiko moja baada ya jingine na kutoa habari za siku kama vile wenyewe wapo, maana ukimya ulikuwa unamla. "Na nyumba nyingine zinasikiliza vizuri," akasema. "Yenu haisikilizi. Inaangalia pembeni." Mama alicheka. Mimi sikucheka, na kwa muda mrefu baada ya hapo nilikuwa nikiingia jikoni kwetu natanguliza kikohozi.

Miaka ikapita, nikaolewa Nshamba, na nani nikamkuta kwenye kibanja cha pili? Alikuwa amerudi kwenye shamba aliloachiwa na kaka yake. Kibanja, kwa asiyejua, ni migomba na mibuni inayoizunguka nyumba, na migomba imesongamana kiasi kwamba nyumba ya mwenzako huioni. Unachokiona ni moshi wake. Asubuhi unatoka nje, unatazama juu ya majani: moshi wa huyu, moshi wa yule, basi, wameamka. Hivyo ndivyo tulivyojuliana hali kabla mtu hajafika kwa mtu.

Kisha ukaja ugonjwa ule wa kukondesha watu. Mwanzoni watu waliuita kwa jina la kitambaa kilichokuja na wafanyabiashara wa ng'ambo ya mpaka, baadaye wakaacha kuuita jina lolote. Alikwenda mume, akafuata mke, na kitoto kichanga pamoja nao. Watoto wakubwa waligawanywa kwa bibi zao. Nyumba iliyokwisha watu, ndugu waliufunga mlango kwa kamba ya mgomba mbuzi wasiingie, wakaenda zao. Ukiiona kamba ile mlangoni hukuuliza. Na asubuhi, juu ya migomba, anga likawa linazidi kuwa safi. Sijawahi kuchukia anga safi kama miaka ile.

Halafu moshi ukaanza kurudi. Mara ya kwanza ulionekana kwa fundi cherehani, ambaye tulikuwa tumemzika yeye na mkewe, na kibanja chake kilipakana na changu. Mama mkwe wangu aliangusha jembe. Kesho yake ukaonekana penginepo, kwenye nyumba nyingine iliyofungwa. Wazee walisema ni mizimu imekosa mtu wa kuitunza. Watu wakabadilisha njia za kwenda sokoni, na wanawake wakawa hawatoki kuchota maji mmoja mmoja.

Mimi nilijua ni nani, kwa sababu kigae kile cha makaa nilikuwa nimekiona Bilele. Nilikwenda kwa fundi cherehani nikasimama nje ya ukuta. Jirani alikuwa ndani.

"Kengele ya shule imeibwa tena," alikuwa akisema. "Na mwanao mkubwa ameshika nafasi ya pili darasani. Ila viatu, mh." Akanyamaza kidogo, kama mtu anayempisha mwenzake ajibu, akacheka, akaendelea.

Kumsikia mtu akicheka na nyumba tupu si jambo la kuzoeleka. Nilisubiri atoke nikamuuliza anafanya nini.

"Watoto wake wanapita njia hii kwenda shule," akasema. "Wakiona kwao kunatoka moshi wanatembea wima."

"Na kuongea je?"

"Wewe ungeingia kwa mtu ukakaa kimya?"

Msidhani alipendwa kwa hayo. Kwanza alikuwa hazikani na watu. Kwetu, usipokwenda mazikoni unajitafutia makubwa, na yeye hakwenda hata kwa walio karibu naye. Wazee wa kanisa walimwita wakamweka kikao. Akawaambia, "Kuzika mko wengi. Kesho yake mnakuwa wapi?" Walikasirika. Pili, alikuwa mwongo.

Uongo wenyewe ulikuwa hivi. Kwa wagonjwa hakupeleka machozi wala sala ndefu, alipeleka matatizo ya mbuzi wake. Mbuzi huyo alikula sabuni. Alipanda juu ya paa. Alimkataa dume wa kila mtu. Jirani aliketi ukingoni mwa kitanda cha mtu aliyebaki mifupa na kumwambia, "Wewe umefuga, nisaidie, nifanyeje na mnyama huyu?" Na mgonjwa, ambaye kwa muda mrefu hakuna aliyemwomba chochote zaidi ya kumeza uji, alijiinua kwa kiwiko akaanza kushauri. Nimeona watu wakifa huku wana maoni makali kuhusu mbuzi yule. Ilinichukua muda kutambua kwamba sijawahi kumwona, wala kumsikia akilia. Jirani hakuwa na mbuzi. Mkristo wa kipaimara, na aliwadanganya wanaokata roho bila kupepesa jicho.

Kuna ndugu wa marehemu mmoja aliyetoka mjini kuja kung'oa mabati ya nyumba iliyoachwa. Alifika mchana kweupe. Akaona moshi unatoka, na ndani akasikia mwanamke anacheka peke yake. Wanasema alikimbia mpaka barabara kubwa na nyundo mkononi, na mabati hakuyarudia. Jirani aliposimuliwa alicheka hadi akaketi chini. Nyumba ile imebaki na mabati yake, na anayelala chini yake sasa ni mtoto wa mwenye nyumba.

Lipo jambo moja ambalo sijalipatia maelezo. Msimu mmoja wa mvua Jirani alishikwa na malaria, nikamuuguza mimi mwenyewe, nikilala kwake. Hakuweza hata kukaa. Asubuhi nilipotoka kumwaga maji niliona moshi kwa fundi cherehani, mwembamba, unapanda wima. Nilirudi ndani nikamwambia. Hakushtuka. Alijigeuza akaelekea ukuta. "Labda leo wamewasha wenyewe," akasema, akalala. Sikwenda kuangalia. Hata leo, ungeniahidi kitu gani, nisingekwenda.

Zamu yangu nayo ikafika. Mume wangu alikuwa akifuata samaki visiwani, akilala kambi za wavuvi, na safari moja alirudi na homa iliyokataa kuondoka. Nilimwosha, nilimlisha, nilimzika. Wakati ule kwetu hakukuwa na kipimo wala dawa, kulikuwa na kungoja. Kila mtu alijua kwamba mke humfuata mumewe, na mimi nililijua hilo kuliko wote. Nilipoanza kukonda nilijiambia ndio huo umefika. Nikaingia kitandani kuusubiri.

Nilikuwa na binti mmoja, ndiyo kwanza anang'oka meno ya utoto. Mama mkwe alimchukua, akasema anamwepusha na mengi. Akachukua na masufuria. Mlango wa jiko langu akaufunga kwa kamba ya mgomba, maana mbuzi wa watu walikuwa wanaingia. Simlaumu, alikuwa amezika wanawe hadi akasahau namna ya kumtazama mtu aliye hai. Nilimsikia akiongea na mtu chini ya dirisha langu: shemeji yangu wa visiwani atakuja siku yoyote atakapopata boti, ampeleke mtoto akalelewe kambini, na huko haijulikani nani atamwangalia. Nilisikia yote hayo nikageukia ukuta. Mkitaka kujua nilikuwa katika hali gani, ndiyo hiyo. Walikuwa wanampeleka mwanangu ziwani na mimi naona uvivu kukaa kitako.

Jirani hakuwapo. Alikuwa amekwenda Bukoba kwa ndugu yake mgonjwa. Kabla hajaondoka, sauti yake ndiyo pekee niliyoisikia nikiwa kitandani pale, ikija kupitia migomba kutoka kwa fundi cherehani: leo mvua imenyesha upande mmoja wa barabara, leo mwalimu kaanguka na baiskeli mbele ya wanafunzi. Kwangu hakuja. Sikumlaumu, kwa kuwa niliwafukuza wote waliokuja matanga yalipokwisha, na yeye nilimfukuza kwa kelele. Lakini nililala nasikiliza, na kila siku nilikuwa nangoja ya kesho, ingawa nisingekiri kwa mtu. Alipoondoka hata hiyo ikakatika.

Asubuhi moja nikasikia kamba ya mlango wa jiko langu inafunguliwa. Kuni zikavunjwa. Moshi ukaanza kupenya chumbani. Kisha Jirani akaingia nyumbani kinyumenyume, mgongo kwangu, amekumbatia nyasi mbichi, akaanza kuzitandika huku anaongea. Hakunisalimu. Hakugeuza shingo. Alikuwa anaongea na chumba. Mvua ya Bukoba haina haya, ndugu yake sasa anakula ndizi, basi lilikwama wakashuka wote kulisukuma, na yule mbuzi amekula kitabu cha nyimbo mpaka kwenye nyimbo za Krismasi.

Niliielewa sauti ile. Ilikuwa ni ile ile ya kwa fundi cherehani. Alikuwa ananifanyia yale aliyozifanyia nyumba zilizokwisha watu. Baridi ilinipanda kutoka miguuni. Nikaitazama mikono yangu juu ya blanketi na, Mungu anisamehe, kwa kitambo sikuwa na hakika nayo. Halafu nikakasirika. Nilikasirika sana, na hasira ile ilikuwa kitu cha kwanza chenye joto kuingia mwilini mwangu tangu mazishi.

"Jirani," nikasema, "huyo mbuzi mbona humuuzi?"

Mikono yake ilisimama juu ya nyasi. Hakugeuka. Nikaona mgongo wake unapanda na kushuka. Kisha akajibu taratibu, akiutazama ukuta.

"Nani atamnunua, na tabia zile?"

"Mfunge kamba."

"Anakata."

"Kamba gani hiyo anayokata?"

Tukaendelea hivyo, nami nilijua vizuri kwamba mbuzi hayupo, mpaka nikajikuta nimekaa. Akatoka, akarudi na uji, akauweka sakafuni karibu na mlango, akarudi nyuma hatua kadhaa. Nikitaka uji ilibidi niufuate. Nilisema moyoni, mjanja huyu, ananiinua kwa nguvu. Nikaufuata nikiushikilia ukuta.

Kesho yake nilioga, nikavaa gauni langu la kanisani ingawa haikuwa Jumapili, nikaenda kwa mama mkwe. Jirani alinifuata. Hakutembea pembeni yangu, alibaki nyuma, kwa mbali kidogo. Mama mkwe aliponiona alishika kizingiti.

"Umekuja?" akasema.

"Nimekuja kumchukua mwanangu, maawe."

"Na ukienda, nani atamlea?"

"Nikienda mtaulizana. Leo nipo."

Binti yangu alitoka mbio akanikumbatia miguu kwa nguvu mpaka nikayumba. Nilipogeuka, Jirani alikuwa akiitazama mikono ya mtoto ilivyoishika nguo yangu. Aliitazama kwa makini sana, kama mtu anayetaka kuona itashika au itapita. Mama mkwe hakubishana. Alituletea nguo za mtoto na sufuria moja, tukarudi nyumbani.

Tangu siku ile hadi tulipohama Nshamba, Jirani alikuja kwangu kila asubuhi. Alileta habari zake za ajabu, alimfundisha binti yangu kusuka vikapu vibaya, alipalilia migomba yangu kwa gauni la kanisani. Nilikuwa bado nangoja kuugua, lakini sasa nilikuwa nangoja nikiwa na kazi. Jambo moja tu liliniumiza. Hakula kwangu hata mara moja, na hakupokea kitu kutoka mkononi mwangu. Nikimpa kikombe alisema, "Weka hapo." Nilidhani anaogopa ugonjwa kama wengine. Nililia kwa hilo siku moja, kisha nikamsamehe, kwa sababu wale wengine hawakuja kabisa. Baadaye nikapata kazi ya duka Miembeni, nikahamia Bukoba na mwanangu.

Mara ya mwisho kumwona nilikwenda Nshamba kumpelekea habari. Vipimo vilikuwa vimefika mjini, na baada ya kuviogopa kwa miaka nikajikaza nikaenda. Sikuwa na ugonjwa ule. Sikuwahi kuwa nao. Nililia kwenye benchi la nje mpaka mama mmoja akanishika bega na kuniambia nimtegemee Mungu, akidhani nimepewa majibu yale mengine. Nilitaka Jirani asikie kabla ya mtu yeyote.

Nilimkuta mchana, amekaa kwenye mkeka mbele ya nyumba, anachambua maharage. Alikuwa amekonda sana. Niliketi upande wa pili wa mkeka nikamweleza yote. Alisikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza, jambo ambalo halikuwahi kutokea tangu nimjue, nikahisi kuna kitu.

"Nikuulize neno, mwana wange?" akasema.

"Uliza, Jirani."

"Usikasirike."

"Sikasiriki."

"Siku ile niliporudi kutoka Bukoba. Ulikuwa umekufa?"

Nilicheka. Yeye hakucheka. Alikuwa ameshika harage moja katikati ya vidole na hakuwa ameliweka popote.

"Nilikuta kamba mlangoni," akasema. "Moshi hakuna. Mtoto hayupo, masufuria hayapo. Nikajua wamekuzika nikiwa safarini. Sikuuliza mtu, nani alikuwa anauliza wakati ule? Nikaleta makaa, nikaleta nyasi, nikakupa habari kama ninavyowapa wenzako. Mara nasikia nyuma yangu unanijibu. Maawe! Nyumba zote zile nilizoingia, hakuna aliyewahi kunijibu."

"Na hukukimbia?"

"Magoti yalikataa."

"Na kesho yake? Ulirudi kesho yake, Jirani. Ulirudi miaka."

"Kila siku niliogopa," akasema. "Nikifika kwenye migomba yako nilikuwa nasimama kwanza, nasali Baba Yetu mpaka mwisho, ndipo naingia. Siku nyingine ulipiga chafya, nikasema, huyu ni mtu. Siku nyingine nikaona watu wanapita hapo bila kukusalimu, nikasema hapana, namwona mimi peke yangu. Mkononi mwako sikutaka kupokea kitu. Nilisema nikigusa nikakuta baridi, sitarudi tena."

"Sasa kwa nini ulikuja?"

Alinishangaa.

"Ulikuwa peke yako," akasema.

Miaka yote ile nilikuwa nimemweka moyoni kama mwanamke mwerevu aliyejua namna ya kuniinua. Kumbe hakujua chochote. Alikuwa mtu mwenye hofu, anayeingia kila asubuhi kwa marehemu na uji mkononi. Nilimpenda pale kuliko nilivyowahi kumpenda mtu.

"Vipimo vyako nimesikia, namshukuru Mungu," akaendelea. "Siulizi kwa ajili yako. Nauliza kwa ajili yangu. Siku zangu zimekwisha, nakwenda huko. Kama ulifika, basi wewe unajua."

"Najua nini?"

Akasogeza uso wake karibu na wangu na kushusha sauti, yeye aliyekuwa na sauti ya kuitia ng'ombe.

"Wanasikia? Zile habari nilizokuwa nawapelekea. Zilikuwa zinafika, au nilikuwa naongea na kuta?"

Ningeweza kumwambia kwamba sikuwa nimekufa, na hospitali ingeniunga mkono. Lakini nilikifikiria kitanda kile, na uso wangu ulivyokuwa umeelekea ukuta wakati wanapanga safari ya mwanangu, na sauti moja tu iliyokuwa ikija kupitia migomba. Aliyekuwa amelala pale sijui ningemwita nani.

"Tulikuwa tunasikia," nikamwambia. "Wote. Kila siku tulikuwa tunangoja ufike."

Alishusha pumzi ndefu. Akaliweka harage lake pamoja na mazima, akajikokota kwenye mkeka mpaka bega lake likagusa langu, akaliacha hapo.